Mchapaji Wako wa Nyuma ya Duka la Baiskeli

Zuhura binti yangu,

Salamu sizirefushi, kwa sababu uko nyumba ya tatu tu kutoka hapa, unaaga majirani, na kicheko chako nakisikia hadi kwenye cherehani. Leo ni siku ya tisa hatusemezani. Ukipita barazani unaniamkia kama mtu anayelipa kodi, nami nakuitikia huku nimeuma pini. Kesho asubuhi unapanda lori kwenda Usumbura, na sina hakika kwamba mdomo wangu utafunguka kabla halijaondoka. Kalamu angalau hainijibu.

Habari za sabuni, za dawa ya tumbo, za nani wa kutembea naye na nani wa kumkwepa huko Buyenzi, mama yako anakufungia pamoja na unga wa muhogo. Kuhusu kazi yako ya kufundisha wamama kushona kwenye foyer, ile nyumba ya mafunzo ya wanawake, sina la kukuambia. Kushona nimekufundisha mwenyewe, na ukishona vibaya aibu ni yangu. Ninachotaka kusema ni kimoja: lile daftari la kijani ulilofunga ndani ya kanga, na yule Feruzi unayetaka kumpa.

Huyo bwana namdharau, na nimemdharau tangu aliposhuka kwenye baiskeli yake mbele ya baraza hii na kuanza kupangusa viatu badala ya kutoa salamu. Kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, na hajawahi kutoa kitabu hata kimoja. Akanipa kadi. Ilikuwa kadi nzuri, siwezi kukataa, ina maua pembeni, na katikati imeandikwa jina lake na neno Direkteri. Nilimuuliza hapo hapo, wewe ulikuwa ndani unachungulia dirishani ukidhani sikuoni.

"Weye uko direkteri ya nani?"

"Ya nyumba ya vitabu, mzee."

"Hiyo nyumba iko na batu ngapi?"

"Kwa sasa iko minye na mashini."

"Basi uko direkteri ya mashini."

Watu wa barazani walicheka mpaka yule mwalimu aliyekuja kuulizia suruali yake akakosa pumzi. Feruzi naye alicheka. Hilo halikunipendeza. Nilitaka akasirike ili nimfukuze.

Nikamuuliza ameshapiga vitabu vingapi. Akasema bado. Nikamuuliza hicho "bado" ni kitabu cha nini, cha dini au cha hesabu. Akaanza kunieleza mashine yake ya nyuma ya duka la baiskeli huko Usumbura, kadi za arusi, matangazo ya mpira, karatasi za kubandika kwenye chupa za sharubati, na jinsi shangazi yako, alipokwenda kuchapisha kadi za arusi ya binamu yako, alivyomsomea barua yako moja, ile ya wanawake wawili waliogombania kivuli sokoni. Akasema alisahau kazi ya watu, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mzee, minye nilijua hii iko kitabu." Mtu wa karatasi za chupa! Nilimwambia anywe kahawa yake aende, mvua inakuja.

Nawe ukatoka ndani ukiwa na macho mekundu, na tukagombana mbele ya watu, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Nilisema mtu asiye na kitabu hata kimoja hawezi kushika cha kwako. Ukasema wale wakubwa wenye vitabu mia wamekirudisha. Hapo ulisema kweli. Barua yao niliisoma. Ilikuwa na adabu kama mtu anayekusogezea kiti cha mlangoni: wangekipokea kwa furaha ikiwa ungeondoa wanawake wanaotukanana, ikiwa ungesafisha Kiswahili chao, na ikiwa kila hadithi ingeishia na funzo. Wanataka soko lisilo na matusi. Hao nao nawadharau, tena zaidi, kwa kuwa hata kahawa yangu hawakuja kunywa.

Kisha ukasema lile neno. "Baba, kitabu yako ilizama, basi unataka na yangu izame. Weye unaogopa tu."

Nikakunyamazia tangu siku hiyo. Hukukosea kuhusu woga. Ulikosea kuhusu kuzama, na kosa hilo si lako, ni mimi niliyekulisha uongo tangu ukiwa mgongoni mwa mama yako. Daftari langu halikuzama popote.

Sasa kaa chini usome polepole.

Kabla hujazaliwa nilikuwa nikiandika. Hilo unalijua. Niliandika kwa herufi za Kiarabu, kama marehemu babu yako alivyonifundisha, na nilichokuwa nikiandika ni habari za wazee wetu: walivyofika kwenye ziwa hili na misafara, nani alioa wapi, nani aligombana na nani, nani alikataa kurudi kwao na kwa nini. Jioni baada ya swala nilikuwa nakwenda kukaa na wazee wa mtaa wa Kilibula, mmoja mmoja, na kuwauliza. Wengine walinidanganya, na uongo wao niliuandika pia kwa sababu ulikuwa mtamu. Kazi hiyo ilinichukua miaka. Lilikuwa daftari nene lenye jalada jeusi, nami nilikuwa na kiburi nalo kuliko cherehani, kuliko kanzu yangu ya Idi, na Mungu anisamehe, kuliko mke wangu.

Ndipo akaja Bwana Athumani. Alitoka ng'ambo ya ziwa, ana ndevu zilizochanwa vizuri na sauti ambayo ukiisikia msikitini unajiona hujawahi kuswali sawasawa. Alikaa hapa Uvira karibu mwezi mmoja. Alisema yeye na wenzake wanaanzisha nyumba ya kuchapa vitabu vya watu wetu, kwa herufi zetu, bila kuomba ruhusa ya padri wala mzungu. Hakuwa ametoa kitabu chochote bado, lakini sikumuuliza. Mtu anayesoma Kurani vile, utamuuliza nini? Mimi niliyemcheka Feruzi kwa kalamu tatu, nilimpokea Athumani kwa ndevu.

Mama yako alikuwa mchanga wakati huo, tumeoana juzi. Aliniambia neno moja tu, akiwa anachambua majani ya sombe mlangoni. "Andika ya pili kwanza. Ndiyo umupe."

Nilimjibu kwamba mambo ya vitabu si mambo ya sombe. Hayo ndiyo maneno yangu, sijayapunguza. Kunakili daftari lile kungenichukua miezi, na Athumani alikuwa anasafiri Jumamosi. Na zaidi ya hapo, niliona ni matusi. Ukinakili, maana yake unamshuku mtu.

Ijumaa baada ya swala alikuja hapa barazani na wazee wanne. Nikaleta daftari limefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nilikuwa nimewaza kumwomba karatasi, mistari miwili tu, kwamba amepokea kitu fulani kutoka kwa fulani na atakirudisha. Nilikuwa hata nimeandaa wino. Lakini kabla sijafungua mdomo, Athumani aliinua mikono akasema, "Al-Fatiha." Wazee wakainua mikono, nami nikainua yangu, tukasoma, tukapangusa nyuso, tukaitikia amina. Ikawa basi. Wewe umekulia humu, unajua. Posa ikishasomewa Fatiha hakuna anayeuliza tena habari za mahari, na ugomvi ukishasomewa Fatiha anayeurudisha ndiye mkorofi. Ningemwomba karatasi baada ya ile amina, ingekuwa ni kumwita mwizi mbele ya Mungu na wazee wanne. Wino ukabaki umefunikwa chini ya meza.

Najicheka ninapoandika haya, na si kicheko kizuri. Bwana yule alijua. Aliyajua mambo yetu kuliko sisi. Alijua kwamba kwa mtu wa dini nyingine au mtu wa duka ningedai karatasi, lakini kwake ningeona haya. Aliniibia kwa adabu yangu mwenyewe, nami nikamsindikiza mpaka ufukweni nimembebea sanduku.

Miezi ikapita. Nikaandika barua, sikupata jibu. Nikawauliza mabaharia, hakuna anayemjua. Watu wakaanza kuniuliza kitabu kimefika wapi, na siku moja mbele ya msikiti nikasema kwamba mashua iliyombeba ilizama, na daftari likazama nayo. Neno lilinitoka lenyewe. Wakanipa pole. Nikazipokea zile pole, nikazikalia, na zimenitosha miaka yote hii. Kuibiwa ningechekwa, lakini mtu aliyezamiwa huhurumiwa.

Hapa ningeweza kuishia, ungekuwa umeshanidharau vya kutosha. Lakini kuna kipande kingine, nacho hakuna mtu niliyemwambia mpaka leo asubuhi.

Wewe ulikuwa umeanza kutambaa. Alikuja mama mmoja kutoka Katogota, mkulima wa pamba, amebeba mtoto wa kiume. Shingoni mtoto alikuwa na uzi wenye msalaba mdogo wa bati na hirizi, vyote kwenye uzi mmoja, maana mama yule hakutaka kumkosea yeyote. Kitambaa cha hirizi kilikuwa kimechakaa kwa jasho na mate. Unajua kazi hizo huja kwetu mafundi.

"Fundi, hii nguo yake imeoza," akasema. "Unishoneye ingine. Lakini karatasi usitupe, ndiyo inamulinda."

Nikachana mshono. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa kunjwa. Nikaifungua ili niikunje upya, na nikaona mwandiko wangu.

Zuhura, haikuwa aya. Haikuwa dua. Ilikuwa ile habari ya mbuzi aliyekula kilemba cha babu wa babu yako siku ya arusi yake, hapa hapa Uvira, na jinsi bibi arusi alivyokataa kuolewa na mtu aliyefungwa kitambaa cha jikoni kichwani, arusi ikasogezwa mpaka Ijumaa nyingine. Hicho ndicho kilichokuwa kinamlinda mtoto wa Katogota na homa.

Nikamuuliza ameipata wapi. Akasema, "Mwalimu mumoja wa kanzu alipita kwetu zamani, na ndevu muzuri. Alikuwa na karatasi mingi ndani ya sanduku. Akasema ni maandiko ya Mungu, akatukatia kila muntu yake."

Basi ndivyo kilivyochapwa kitabu changu. Alikichana ukurasa kwa ukurasa, akakisambaza bonde zima la Ruzizi, kwa watu wasiosoma herufi zile. Wazee walionisimulia walikuwa wameshaanza kufa, na maneno yao yalikuwa yananing'inia kwenye shingo za watoto, yamekunjwa, hayasomwi na mtu.

Nilikuwa na ukurasa wangu mkononi. Ningeweza kuuchukua. Ningeweza kumwambia mama yule ukweli, au kumpa karatasi nyingine na kumwandikia dua ya kweli. Lakini barazani walikuwa wameketi wanaume watatu wanaosubiri nguo zao, na wote watatu walikuwa wamenipa pole ya mashua. Ningesema "huu ni mwandiko wangu," wangeuliza, "Si ilizama?" Nikaukunja. Nikakata kitambaa kipya, chekundu, nikaushona ndani, mshono wa kurudia, mshono mzuri sana, na nikamvika mtoto mwenyewe. Mwizi aliiba, na mimi fundi nikamfungia mzigo.

Mama yule alirudi wakati wa mavuno na kikapu cha mchele kunishukuru, mtoto amenenepa. Tuliupika ule mchele. Wewe ulikula.

Tangu siku ile sikuandika tena. Nilijiambia ni kwa sababu ya Athumani, na kwa miaka mingi nimekuwa nikimlaani yeye kila nikiona karatasi tupu. Leo naona nilimpa kazi kubwa kuliko aliyoifanya. Yeye alichukua daftari moja. Wazee wengine walikuwa bado hai, kumbukumbu nilikuwa nayo, wino ulikuwa chini ya meza. Mengine yote niliyokuwa na uwezo wa kuyaandika nilijinyima mwenyewe, kwa sababu nilipenda zaidi kuwa mtu ambaye kitabu chake kilizama.

Leo asubuhi, ulipokwenda kuaga upande wa Kimanga, nilimwambia mama yako yote. Nilitegemea atalia au atanitukana. Aliendelea kukunja nguo zako. Kisha akasema, "Mashua gani hiyo yenye ilizama, na mabaharia yake bote banakuja sokoni siku ya pili?" Alijua, Zuhura. Alijua tangu mwanzo, akaninyamazia ili niendelee kula pole zangu kwa raha. Nilitamani kuingia ndani ya lile sanduku lako nifungiwe.

Sasa nirudi kwa direkteri wa mashini.

Siku ile tulipogombana, wewe ukaingia ndani ukalia, na Feruzi akabaki amesimama pale na baiskeli yake. Hukuona kilichofuata. Nilikumbuka jambo la siku zangu za kwanza za ufundi. Nilikuwa nimenunua cherehani, nimeweka kibao, na hakuna mtu aliyeniletea hata kifungo. Mama mmoja wa Kilibula, mkali, hakuwahi kunipa neno jema, alikuja akanipa kitambaa cha foronya. Foronya tu, ya mto mmoja. Nilipomaliza hakuangalia juu. Aliigeuza ndani-nje, akapitisha kidole kwenye mshono wote, akakuta mahali nilipokosea. Nilikuwa nimeshafumua mara mbili pale, na alama zilionekana. Akauliza, "Ulifumua?" Nikasema ndiyo. Wiki iliyofuata akaleta gauni. Hakusema kwamba ananiamini, wala sidhani kama aliniamini.

Nikamwambia Feruzi, "Nitakupa karatasi moja. Moja. Uende uipige, uniletee Jumatano, hiyo uliyopiga na hiyo niliyokupa." Nikampa ukurasa wa ugomvi wa kivuli, niliouchomoa kwenye daftari lako lililokuwa bado kwangu, nikiwa na hakika kwamba sitaiona tena sura yake. Nilitamani nisiione. Ningekuwa nimeshinda.

Jumatano ilinyesha tangu alfajiri. Unakumbuka, ile siku malori hayakuvuka kwa sababu maji ya Ruzizi yalikuwa yamepanda barabarani. Wewe ulikuwa umefunga mlango umelala na hasira. Alasiri akatokea, baiskeli ameibeba begani badala ya yeye kubebwa nayo, matope hadi kiunoni, viatu vile alivyokuwa anavipangusa vimefungwa shingoni kwa kamba zake. Akafungua shati. Ndani alikuwa na kipande cha turubai, ndani ya turubai gazeti, ndani ya gazeti ukurasa wako, haujakunjika hata pembe. Na ule alioupiga.

Niligeuza ndani-nje, kwa namna yangu. Nilipitisha kidole. Kwenye mstari wa tisa, katika neno "matusi", herufi moja ilikuwa imelala kichwa chini. Kabla sijasema, akasema yeye.

"Hapa nilikosa, mzee. Niliona wakati wino ilikuwa imekauka. Nilipiga tena mara ine, lakini hiyo ya ine ilikuwa na kosa ingine mbili, basi nikaleta hii yenye kosa iko moja."

"Na zile ingine?"

Akazitoa. Alikuwa amezibeba zote, hata mbovu. Wino umemwingia kwenye kucha mpaka nadhani atazikwa nao.

Na maneno ya wale wanawake, Zuhura, alikuwa ameyaacha yote. Hakuondoa tusi hata moja. Nilimuuliza kwa nini hakusafisha, akanishangaa: "Mzee, sasa kama minye nikiondoa, banagombana na nini?"

Nilimpa kahawa. Sikumwambia asante. Nikamwambia kibaiskeli chake kina mnyororo mbovu na mtu anayeishi nyuma ya duka la baiskeli aone haya. Akaenda zake kwenye mvua. Na nikakuficha wewe habari hii siku zote hizi, kwa sababu bado ulikuwa umenikasirikia, na kwa sababu sikutaka kuonekana nimeshindwa na mtu wa karatasi za chupa.

Bado namdharau. Usije ukasoma barua hii ukadhani baba yako amelainika. Kadi yake ni ya kijinga, mashine yake nimeambiwa inapiga kelele kuliko kinu, na huenda mwakani asiwepo, kwa sababu watu wa kadi za arusi hawalipi na yeye anaonekana mtu asiyejua kudai. Anaweza kushindwa. Hilo sina namna ya kulizuia wala wewe. Lakini karatasi ilirudi. Mimi nilimpa mtu daftari zima na ukurasa wangu mmoja ukanirudia shingoni mwa mtoto. Huyu nilimpa ukurasa mmoja, siku ya mafuriko, ukarudi mkavu.

Kwa hiyo mpe daftari. Lakini hivi: asiinue mikono kabla hajaandika. Akianza habari za Fatiha, au za undugu, au za sisi watu wa Uvira, mwambie baba yako ni mtu mbaya. Aandike kwamba amelipokea, kwamba hataondoa wala kuongeza neno bila wewe kujua, na kwamba mwisho wa mwaka, kimetoka au hakijatoka, daftari linarudi mkononi mwako. Aweke sahihi na dole gumba pia, mradi ana wino wa kutosha. Akikasirika, chukua daftari lako uondoke. Nadhani hatakasirika. Atacheka tena, yule.

Na ikiwa nimekosea, na akapotea nalo, usije ukakaa barazani ukitunga mashua. Njoo nyumbani.

Jambo jingine. Uliponiachia daftari mwezi wa Shaabani nilisome, nilikuambia nimesoma kurasa tatu na macho yanauma. Ni uongo, na huo ni wa mwisho. Nimelisoma lote, halafu nimelinakili lote, kila alasiri, nikiwa nimelifunika kwa kitambaa cha wateja juu ya cherehani. Ndiyo maana suruali ya mwalimu imekaa wiki tatu, na ndiyo maana ulinipigia kelele kwamba nimekuwa mvivu. Nimeandika kwa herufi zangu, maana hizo zenu za shule ya masista mkono wangu unazikokota. Mama yako alinishika siku ya kwanza. Aliangalia kalamu, akaangalia daftari, akaenda kuchambua sombe. Nakala iko kwenye sanduku langu, chini ya kanzu ya Idi.

Kitabu ni kizuri. Nimekasirika jinsi kilivyo kizuri. Yule mwanamke anayeuza samaki wa ndagala na kuwaita wateja wake majina ya wakwe zake, niliacha kalamu nikacheka peke yangu mpaka jirani akauliza kama nina homa. Ningekuambia haya kwa mdomo, kama ningekuwa baba wa namna nyingine.

Nimekunja karatasi moja zaidi pamoja na barua hii. Siyo yako. Ni ile ya mbuzi na kilemba. Niliikumbuka neno kwa neno, kwa kuwa niliishona kwa mikono yangu, na juzi nilipomaliza kunakili kitabu chako nilikuta wino bado upo kwenye kalamu, nikaendelea tu. Kuna mzee mmoja Kilibula bado yuko hai. Jumamosi nitakwenda kumuuliza lilikuwa na rangi gani lile dume la mbuzi.

Mpe Feruzi na karatasi hii, aipige kama anaweza. Akiipoteza simdai. Safari hii nimeandika mbili.

Baba yako